Nilichagua Kampala, Shamba Likawa Kwingine

Fomu ilikuwa na kurasa nne. Kwenye ukurasa wa tatu, chini kabisa, palikuwa na neno "Kampasi" na mstari mfupi wa kujaza. Niliandika "Kuu", nikahamia sehemu ya chanjo. Hata jina la mama lilinichukua muda mrefu zaidi, maana nilisita kama niandike la ubatizo au lile analoitwa nyumbani. Neno hilo moja lilikuja kunigharimu laki nane na elfu ishirini za Uganda na wiki tano za muhula. Usingizi siuhesabu.

Mimi ni mtoto wa Muleba, mkoani Kagera. Nasomea kilimo, na mwaka 2023 nilipata nafasi ya kubadilishana wanafunzi: muhula mmoja Uganda, Agosti hadi Desemba, halafu kurudi kumalizia nyumbani. Vyuo husika sitavitaja, cha kwetu wala cha kule. Kosa kubwa lilikuwa langu, na isitoshe bado kuna watu wa kunisainia barua.

Niseme kwanza nilichokifuata, maana bila hicho hadithi yote haina mguu. Nikiwa darasa la nne, mnyauko uliingia kwenye migomba yetu. Majani yalianza kuwa ya njano kama yameunguzwa, ndizi zikaiva kabla ya kukomaa, ukikata unakuta ndani kumeoza rangi ya kahawia. Baba aliambiwa ang'oe, akang'oa. Aling'oa shina zima na watoto wake, mgonjwa na mzima, shamba likabaki kama uwanja wa mpira. Mwaka ule tulinunua ndizi, jambo ambalo kwa Mhaya ni aibu ya kusimulia gizani. Uganda ugonjwa huo ulionekana mwaka 2001, upande wa Mukono, na kufikia 2006 ulikuwa umeshavuka kwetu. Kwa hiyo wenzetu wamepambana nao kwa muda mrefu zaidi, na pale Kawanda, nje kidogo ya Kampala, wana kituo cha utafiti kinachojulikana kwa kazi ya migomba. Nilitaka kwenda kujifunza kwa watu waliokwisha kuumwa na nyoka huyo kabla yetu.

Tulipewa machaguo mawili, chuo kimoja Kampala na kingine Mbarara.

Hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika. Babu alikuwa na wimbo mmoja tu. Mwalimu Nyerere alisoma Makerere, kuanzia 1943 hadi 1945. Mkapa naye alisoma Makerere. Baadaye, kuanzia 1963 mpaka 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa chuo kimoja cha Afrika Mashariki. Nilimweleza kwamba mimi sikuwa naenda Makerere, chuo nilichopangiwa ni kingine kabisa. "Kiko Kampala?" akauliza. Kiko. "Basi." Marafiki zangu nao wakacheka: Mbarara utaenda kufanya nini, kuchunga ng'ombe wenye mapembe marefu? Mama peke yake, akiwa anamenya ndizi, alisema bila kuinua macho, "Mbarara wanasema kama sisi." Nikamwitikia "ee mama" ile ya kumaliza mazungumzo.

Hakuna hata mmoja kati yetu, nami nikiwa wa kwanza, aliyeuliza masomo niliyoyachagua yanafundishiwa wapi.

Safari yenyewe haina mengi. Basi kutoka Bukoba, mnavuka daraja la Kyaka, mnafika Mutukula. Pale mpaka ni wa jengo la pamoja, unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia bila kuzunguka sana. Kadi ya homa ya manjano waliiomba. Kijana mmoja nyuma yangu hakuwa nayo, na sijui alimalizana nao vipi. Nilibadilisha fedha kidogo tu palepale, na nawashauri mfanye hivyo hivyo: za kula na za usafiri wa siku ya kwanza. Shilingi yao ni nyepesi kuliko yetu, laki moja ya kwetu wakati ule ilikuwa inakaribia laki moja na nusu ya kwao, na usipojua hilo unajiona tajiri kwa saa kadhaa. Mnapita Masaka, Lukaya wanawapandishia kuku wa kuchoma na ndizi za kuchoma dirishani, mnavuka ikweta pale Kayabwe, na jioni mko Kampala.

Hosteli nilikuwa nimeshailipia yote kabla sijaondoka nyumbani, laki tisa na nusu za Uganda kwa muhula, chumba cha wawili. Niliiona kwenye picha. Ilikuwa hatua chache kutoka lango la kampasi kuu, na ilifanana na picha zake. Maji yapo, umeme upo, chini kuna mkaanga roleksi, yaani chapati iliyokunjiwa mayai, ambaye alinijua jina kabla sijamaliza wiki. Kwa wiki nzima ile niliamini nimecheza vizuri.

Jumatatu ya pili ratiba ikabandikwa ubaoni. Masomo yangu matano yalikuwa na vyumba vyenye herufi nisizozifahamu. Mawili yalikuwa pale kampasi kuu. Matatu, yote ya migomba na magonjwa ya mimea, yalikuwa na kifupisho ambacho nilidhani ni jina la jengo. Nikalitafuta jengo hilo kuanzia saa nne mpaka saa sita. Nilimuuliza karani wa idara, akanitazama kwa huruma iliyochanganyika na kicheko, akaninyooshea mkono dirishani, kuelekea nje ya jiji. Lilikuwa jina la kampasi. Ile ya shamba.

Sasa niwaeleze maana ya "nje ya jiji" kwa mwanafunzi asiye na gari. Vipindi vya vitendo vilianza saa mbili kamili asubuhi, siku tatu kwa wiki. Niliamka saa kumi usiku, nikapanda boda mpaka kituoni, kutoka hapo teksi mpaka katikati ya jiji. Kule teksi ni daladala, ile Hiace ya abiria kumi na wanne, usije ukaisimamisha ukidhani umeikodi peke yako. Unashuka kwenye kituo kikuu cha zamani, unapita kwa miguu katikati ya vikapu na makonda wanaokuvuta mkoba, unatafuta teksi nyingine, unasubiri ijae. Kisha boda tena, barabara ya vumbi. Kwenda ilikuwa elfu tisa, kurudi elfu tisa, wiki inakula elfu hamsini na nne. Hiyo ni siku kavu. Mvua ikinyesha nauli inapanda palepale unapoitazama, na muhula wa Agosti unaangukia Septemba hadi Novemba, msimu wa mvua kwelikweli. Asubuhi nilitumia saa moja na nusu kama barabara iko shwari. Jioni mbili na nusu, siku nyingine tatu.

Kuna jioni moja mwezi wa tisa nililia mle kituoni. Mvua ilikuwa imepiga, hakuna teksi, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu, simu imezima. Mama mmoja muuza mahindi alinisogezea ndoo yake iliyopinduliwa nikae. Nilimsalimia kwa Kiswahili, kwa mazoea tu, naye akanyamaza kidogo kabla ya kujibu kwa Kiganda. Nilikuja kuelewa baadaye. Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, na Julai 2022 serikali yao ilikubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Hayo ni ya kwenye karatasi. Kampala, watu wazima wengi wanakikumbuka kama lugha ya askari, na askari wa enzi zile hawakuja kwako usiku kukuletea zawadi. Wakati huohuo kuna wazee ambao ukisema tu unatoka Tanzania wanakuita mkombozi, kwa ajili ya vita ya 1979, jeshi letu lilipomwondoa Idi Amin. Mimi nimezaliwa zaidi ya miaka ishirini baada ya vita hiyo, lakini nimeshanunuliwa soda kwa jasho la wanajeshi wetu. Jambo la kujifunza hapo ni dogo: Kampala anza na salamu ya Kiganda, hata kama unaivunjavunja, weka "nyabo" kwa mama au "sebo" kwa baba, halafu ndipo uombe Kiswahili. Milango hufunguka.

Nyumbani nilikuwa nikipiga simu nasema mambo safi. Nilimdanganya mama kwa wiki tano. Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba mwanaye aliyeagwa kwa mbuzi alishindwa kusoma kifupisho.

Aliyenizindua hakuwa mhadhiri wala mratibu. Alikuwa mzee wa geti hosteli kwetu, mwanajeshi mstaafu, mtu wa Arua, ambako Kiswahili kinasemwa bila wasiwasi. Ndiye alikuwa ananifungulia saa kumi na nusu usiku. Asubuhi moja akashika komeo bila kulifungua.

"Mutoto, weye nasoma nini?"

"Kilimo, mzee wangu."

"Na shamba iko wapi?"

Nikamtajia.

Akatikisa kichwa taratibu. "Sasa mutu ya shamba nalala town kwa sababu gani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiambia kwamba nimelipia hosteli, fedha imekwenda, lazima niikalie. Lakini hesabu ilikuwa rahisi: kila wiki niliyoendelea kuikalia nilikuwa naongeza elfu hamsini na nne juu ya hasara, pamoja na somo moja ambalo nilikuwa nimeshachelewa vipindi vinne. Siku hiyohiyo nilipanda hadi ofisi ya kampasi ya shamba kuuliza kama kuna kitanda. Kilikuwepo. Laki tano kwa sehemu iliyobaki ya muhula, na kama ningekiomba tangu mwanzo ningekipata kwa mkataba wa kubadilishana, nusu bei. Hiyo nusu bei sijaiingiza hata kwenye ile laki nane, maana ingenitia uchungu wa bure.

Kuhusu hosteli ya mjini, mwenye nyumba hakurudisha hata shilingi, na mkataba nilioutia saini bila kusoma ulimpa haki hiyo. Nilimpata dada mmoja Mkenya aliyekuwa anatafuta chumba katikati ya muhula, akanipa laki nne. Nilifurahi kama nimeshinda bahati nasibu, kumbe nimepoteza laki tano na nusu. Ongeza laki mbili na elfu sabini za nauli ya wiki tano, ndiyo ile hesabu yangu ya mwanzo. Kama kuna jambo moja ningewasihi mlishike kwa mikono miwili ni hili: usilipe hosteli ya muhula mzima ukiwa bado kwenu. Fika wiki moja kabla, lala nyumba ya wageni ya kawaida, subiri ratiba. Itakuuma kidogo mfukoni. Na usiishie kusubiri ratiba, safiri njia hiyo siku ya Jumatatu saa moja asubuhi, kwa usafiri uleule utakaoutumia. Jumapili mchana kila mahali Kampala ni karibu.

Baada ya hapo nilianza kuwauliza wengine, nikagundua kwamba jina la chuo Uganda mara nyingi hufunika miji mingi. Chukua Busitema: kuna kampasi yenyewe ya Busitema kule mashariki, kuna Nagongera upande wa Tororo, kuna Mbale wanakosomea udaktari, kuna Arapai karibu na Soroti kwa watu wa kilimo, kuna Namasagali kando ya Nile, kuna Pallisa. Chuo Kikuu cha Kiislamu makao yake makuu ni Mbale tangu 1988, lakini kina kampasi Kibuli, kina ya wanawake Kabojja, na kina nyingine Arua, yaani ukikosea jina moja umevuka nchi kutoka mashariki mpaka pembe ya kaskazini magharibi. Kampala International University ina jina la jiji, lakini kampasi yake ya Ishaka, yenye hospitali ya kufundishia, iko zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini. Hata Mbarara, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kina kampasi ya mjini, ubavuni mwa hospitali ya rufaa, na ya Kihumuro, nje ya mji. Kwa mtu aliyezaliwa kule haya ni maji ya kunywa. Sisi tunaotoka nje tunasoma jina kwenye fomu tunadhani tumesoma mahali.

Kwa hiyo kama ningeijaza upya ile fomu, ningeomba kitu kimoja ambacho hakuna anayefikiria kukiomba: ratiba ya muhula kama huo wa mwaka uliopita. Tovuti hupambwa, ratiba haipambwi. Ina majina ya vyumba, saa, na kifupisho cha kila kampasi, na karani wa idara anaweza kukupigia picha kwa simu akakutumia. Nasema karani wa idara, si ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Ofisi ile inajua kukupokea. Karani ndiye anajua mwalimu wa magonjwa ya mimea anafundishia wapi, na kama muhula huu yupo au yuko masomoni. Na kila somo kwenye makubaliano yako ya masomo liandikiwe kampasi yake mbele, kwa wino, kabla mratibu wa pande zote mbili hajasaini. Yangu yalikuwa na majina ya masomo tu.

Kampasi ya shamba nisiipake sukari. Duka lilifungwa saa moja jioni. Umeme ulikatika, intaneti ikakatika nao. Kantini ilikuwa posho, yaani ugali, na maharage, maharage na posho, na siku ya sikukuu ndogo, matoke na mchuzi wa karanga. Jumapili wenzangu walikwenda kwao nikabaki na kunguru. Zahanati yenye daktari ilikuwa kampasi kuu, na nilipougua malaria mwezi wa kumi ilibidi nifunge safari nikiwa na homa. Mtu anayependa watu na taa, au anayesomea biashara au sheria, ningemwambia akae jijini bila kusita. Rafiki yangu wa Nairobi aliyekuwa anasomea uchumi alipenda Kampala kama kwao, na alikuwa sahihi.

Mimi lakini nilikuwa natembea dakika sita kutoka kitandani hadi kwenye migomba.

Pale ndipo nilipojifunza nilichokifuata. Fundi wa maabara, mzee asiye na shahada hata moja, alinifundisha mengi kuliko nilivyowahi kupata darasani. Alikata shina la mgomba mgonjwa akasema tungoje, na baada ya dakika kadhaa utomvu wa njano ukaanza kuchuruzika kama usaha. Alinionyesha jinsi ya kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda, unalizungusha mpaka linakatika, mara tu kichane cha mwisho kinapojitokeza, bila panga kugusa. Wadudu wanaofuata lile ua ndio hubeba bakteria kutoka mgomba hadi mgomba, na panga nalo hubeba. Ukilazimika kutumia panga, liloweke kwenye Jik au lipitishe motoni kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Halafu akanieleza jambo lililonifanya nikae chini: si lazima kung'oa shina zima. Ukiwahi, unakata mche ule mmoja unaoumwa, chini kabisa usawa wa ardhi, ukaendelea kukagua na kukata kila unaoonyesha dalili, na shamba linaweza kupona bila kufyekwa lote. Nilimfikiria baba na ule uwanja wa mpira. Jioni nilimpigia simu mama, nikamweleza kila kitu tangu ile fomu. Alisikiliza mpaka mwisho. Alichouliza ni kimoja tu: "Sasa unakula?"

Mwezi wa kumi na moja mwenzangu wa chumbani, msichana wa Mbarara, alinialika kwao kwenye sherehe ya kumuaga dada yake anayeolewa. Ni safari ndefu kutoka Kampala, zaidi ya kilomita 260. Tulipofika, bibi yake akaniletea maziwa kwenye kibuyu, akataja neno, nami nikalitaja kwa pamoja naye: *amate*. Nyumba wanaita *enju*, kama kwetu. Wakizungumza pole pole nilikuwa nafuata sentensi nzima, na mimi nikisema Kihaya changu cha kuokoteza walicheka wakanijibu. Kwa miezi mitatu Kampala nilikuwa mgeni wa kuinamia salamu, na hapa nimekaa jikoni namenya ndizi, naulizwa bei ya vitenge Bukoba. Kesho yake tulipita kwenye kile chuo cha pili, kile nilichokikataa. Shamba la mafunzo lilianzia nyuma ya kumbi za mihadhara. Nililitazama kwa muda. Mwenzangu akaniuliza nina nini, nikasema jua kali.

Yamebaki mambo ya karatasi, ambayo yanachosha kusoma na yanachosha zaidi yakikupata.

Kalenda: wenzetu huanza mwaka Agosti, sisi tunaanza Oktoba au Novemba. Muhula wangu wa Agosti ulikula miezi ambayo wenzangu walikuwa field, yaani mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo field nikaifanya Januari na Februari, peke yangu, kwa barua tatu za kuomba. Halafu Novemba mwaka mpya ulipofunguliwa nyumbani, wenzangu wakasaini boom, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, mimi niko Uganda navunja maua dume. Sikuwa nimemwambia mtu mapema. Nilikopa kwa dada yangu mkubwa mpaka mwezi wa pili, na bado ananikumbusha kila Krismasi. Kama unaishi kwa mkopo, nenda kwa afisa mikopo wa chuo chako kabla hujanunua tiketi, uombe utaratibu wa maandishi.

Alama: hili ndilo lililokuwa karibu kuniua. Chuoni kwetu A inaanzia 70. Kule A inaanzia 80, na 70 hadi 74 ni B. Somo la magonjwa ya mimea, lile la kuamka usiku, nilipata 74. Kwenye cheti chao cha matokeo liliandikwa B, na kamati ya kwetu ikataka kuliingiza kama B, ambayo kwetu ni alama ya 50 na kitu. Pia kule somo lina krediti tatu au nne na kwetu kumi au kumi na mbili, kwa sababu wao wanahesabu saa za darasani na sisi tunahesabu hata za kujisomea. Mtu aliyezitazama haraka alidhani nimesoma robo ya muhula. Niliandika barua nikaambatanisha jedwali la alama la pande zote mbili na maelezo ya kila somo, nikapeleka, nikaambiwa nisubiri kikao. Jedwali lile lichukue ukiwa bado kule, lenye muhuri. Mimi nilimsumbua mwenzangu wa Mbarara akanitafutia na kunitumia kwa basi, bahasha ikakaa Mutukula siku mbili.

Likizo nilipofika nyumbani nilimwonyesha mama kijiti chenye panda. Akakishika, akakigeuza, akaenda nacho shambani akavunja ua dume la kwanza kwa mkupuo mmoja, kama mtu aliyezaliwa akifanya hivyo.

"Hiki ndicho ulichokifuata Kampala?"

"Hiki, mama."

"Na Mbarara hawana vijiti?"

Kikao kilikaa mwezi wa nne. Ile 74 wameiandika A.